Mbebaji wa Jumamosi

Kila Jumamosi Nyemo Sajilo alikula kwa niaba ya mtu mwingine, na hakuna aliyeifanya kazi hiyo vizuri kama yeye katika Dodoma nzima.

Saa nane mchana alisimama mbele ya kioo, akafunga utepe mwembamba kuzunguka paji la uso, akahakikisha umegusa ngozi nyuma ya masikio, kisha akafunga kilemba juu yake. Nyuzi za utepe zilipopata joto la mwili, taa ndogo ya kijani iliwaka begani. Taa hiyo iliwaambia watu wote atakaokutana nao: huyu dada hayuko peke yake, kuna mtu anaona kwa macho yake.

"Mzee Chibago, shikamoo. Umenipata?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekupata." Sauti ya mzee ilisikika ndani ya sikio lake, nzito na yenye furaha. "Leo umejipaka mafuta ya karafuu?"

"Ya mchaichai."

"Basi hiyo pua yako inahitaji daktari."

Nyemo alicheka, akachukua mkoba.

Mzee Ezekia Chibago alikuwa amelala kitandani kwake, ghorofa ya kumi na nne, upande wa pili wa mji. Miguu yake ilikufa mwaka juzi, na macho yakafuata. Kichwani alivaa kofia iliyopokea kila kilichotumwa na utepe wa Nyemo: picha, sauti, harufu, ladha, hata upepo ukipita mkononi. Wagonjwa na wazee wengi wa mji walitoka hivyo mwisho wa wiki. Waliobebwa waliitwa wageni, na watu kama Nyemo waliitwa wabebaji.

Wabebaji wengi walitembea kwa woga, kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Nyemo hakuwa hivyo. Alijua kugeuza kichwa kabla ya miguu ili mgeni asipate kizunguzungu. Alijua kukitazama kitu mpaka macho yashibe. Alijua kwamba nyama ya mbuzi ya kuchoma inaliwa na kachumbari kwanza, kisha pilipili, kisha unanyamaza kidogo, maana mgeni naye anataka kutafuna. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kurekebisha hizo tepe karakanani, kwa hiyo alivijua vyombo vyake nje na ndani.

Siku hiyo walipanda reli ya juu. Kupitia dirisha mzee aliona mji aliokuwa ameupima kwa miguu yake ujanani, alipokuwa mpima ardhi. Palipokuwa na mashamba ya mizabibu sasa palikuwa na paa za vioo. Kwenye uwanja wa Ipagala kulikuwa na bonanza, wanaume wenye vitambi wakikimbiza mpira na wake zao wakiwazomea kwa upendo. Watu walijaa vibarazani, wengine na taa za kijani begani, wengine bila.

"Shuka kituo kinachofuata," mzee alisema. "Nasikia ngoma."

Walishuka kwenye Bustani ya Majabali, mahali palipotengenezwa kati ya miamba mikubwa ya kijivu. Watu walikuwa wameketi kwenye nyasi na vikapu vya chakula. Mbele yao wanawake walipiga muheme, ngoma wamezibana mapajani, mabega yakicheza. Nyemo alitafuta nafasi, akaketi, akatulia ili mzee apate picha na sauti vizuri.

Ngoma ziliendelea. Mzee, ambaye kwa kawaida hakuacha kusema, alikuwa kimya.

"Mzee? Picha zinakata?"

"Nyemo, wapigaji ni wangapi?"

"Saba."

"Mimi nawaona sita," mzee alisema. "Aliyesimama katikati ni ukungu. Na ngoma yake siisikii. Kuna pengo katikati ya mdundo."

Nyemo alielewa papo hapo.

Lile lilikuwa pazia. Mtu yeyote mjini aliweza kwenda ofisi ya kata na kuandikisha jina la mtu ambaye hataki amwone. Hakuulizwa sababu. Kuanzia hapo, kila utepe uliombeba mtu huyo ulimfunika mwandikishaji kwa ukungu, ukafuta sauti yake na sauti ya chochote mikono yake ilichogusa. Bila pazia, watu wasingekubali wabebaji wapite kati yao. Lakini waliolitengeneza hawakuwaza jambo moja. Mtu aliyekataliwa na watu wengi hawezi kujua ukungu ni wa nani, lakini aliyekataliwa na mmoja hujua mara moja. Mzee Chibago alikuwa amekataliwa na mtu mmoja tu duniani.

"Huyo ni Damari," alisema. "Mwanangu. Miaka tisa sijamwona. Nyemo, amenenepa? Amesuka? Niambie tu."

Nyemo alimtazama yule mwanamke wa katikati. Alimwona vizuri kabisa: mrefu, wa miaka thelathini na kitu, jasho linang'aa shingoni, akiwaongoza wenzake kwa kutikisa kidevu. Alifumba macho.

"Samahani, mzee. Hilo siwezi kukuambia. Tunaondoka."

"Usigeuke! Nakuomba, usigeuke!"

Aligeuka kichwa kwanza, kisha miguu, kama alivyozoea.

*

Jumatano alikwenda kumwona mzee nyumbani. Haikuwa lazima, lakini hakulala vizuri tangu Jumamosi. Alimkuta ameegemea mito, kofia imewekwa kando, macho yake meupe yameelekea dirishani.

"Nilijua utakuja," mzee alisema. "Keti. Kuna chai kwenye chupa."

"Nashukuru, baba."

"Madaktari wamepiga picha kichwa changu. Kuna uvimbe. Wanasema hii kofia itaanza kunikataa. Picha zitaondoka kwanza, wiki mbili, labda tatu. Kisha sauti. Mguso ndio utakaobaki mwisho." Alisema bila kujihurumia, kama mtu anayesoma vipimo. "Kwa hiyo nina Jumamosi mbili za macho. Na wewe uliwahi kuwa fundi. Uliniambia mwenyewe kwamba tepe zina hali ya majaribio."

Nyemo aliweka kikombe chini. Ilikuwa kweli. Ukibonyeza utepe mara tatu nyuma ya sikio la kushoto, unajipima wenyewe kwa sekunde tisini, na kwa muda huo mapazia yote hulala. Mafundi ndio waliojua. Hakuna kumbukumbu inayobaki, na hakuna ambaye angegundua.

"Sekunde tisini," mzee alisema. "Sitasema naye. Sitamgusa. Nitamwona, nitarudi kufa vizuri. Nani ataumia?"

"Yeye."

"Hatajua."

"Baba, na mimi nimeweka pazia," Nyemo alisema. "Niliwahi kuolewa. Yule bwana alikuwa akinifuata kila nilipokwenda, na tepe zilipokuja akawa anakodi wabebaji wanitafute kwenye starehe. Nilipoandikisha jina lake ndipo nilipoanza kutoka tena. Miaka mitano nacheza muziki bila kugeuka nyuma. Sasa nikijua kuna fundi mmoja aliyemwonea huruma, akambonyezea sekunde tisini, nitatoka tena?"

Mzee aliugeuza uso kutoka dirishani. "Mimi sikumpiga mtu."

"Sijui ulichofanya. Hujaniambia."

"Nilipima njia ya reli ya juu. Mstari ulipita kwenye nyumba ya mama mkwe wangu, bibi yake Damari. Nikaiwekea X nyekundu kama nilivyoziwekea nyingine. Ningefanyaje? Ilikuwa kazi. Bibi akahamishiwa kwenye maghorofa, akakaa miezi mitano akafariki. Damari akasema nimemuua."

Nyemo alimhurumia. Ilionekana adhabu kubwa kwa mtu aliyetii mwajiri wake. Alipoagana naye alimshika mkono, na mkono ule ulikuwa mwepesi kama jani kavu.

"Jumamosi utanipeleka?" mzee aliuliza.

"Nitakupeleka. Lakini sijakuahidi kitu."

*

Jumamosi iliyofuata bustani ilijaa zaidi. Kulikuwa na kundi la wanachuo waliokuja kusherehekea, na familia moja ilikuwa imeleta bibi harusi mtarajiwa apigwe picha kwenye miamba. Ngoma zilikuwa zimeanza. Nyemo alisimama pembeni, chini ya mwamba, na taa yake ya kijani ikiwaka.

"Wapo?" mzee aliuliza, ingawa alikuwa anaona. "Ule ukungu ndio yeye, sivyo? Umesogea kushoto."

Picha zake zilikuwa zimeanza kuchoka. Alilalamika kwamba nyekundu inaonekana kahawia.

Nyemo alipandisha kidole nyuma ya sikio la kushoto. Alibonyeza mara moja. Alibonyeza mara ya pili. Mzee aliuhisi mguso ule, maana ngozi ya Nyemo ilikuwa ngozi yake pia, na pumzi yake ikasimama.

Katikati ya uwanja Damari alikuwa anacheka. Mmoja wa wenzake alikosea mdundo, na Damari akarusha kichwa nyuma, mdomo wazi, bila kujilinda na kitu chochote. Nyemo alikifahamu kicheko hicho. Ni cha mtu anayejua kwa hakika nani yupo na nani hayupo.

Alishusha mkono.

"Mzee, sikiliza. Siwezi kumwibia. Ila naweza kumwomba. Nikienda kwake nikamwambia nimekubeba, atajua ulikuwa hapa, na anaweza kunifukuza hapahapa. Na bila ruhusa yako siruhusiwi kulitaja jina lako. Chagua."

"Atakataa."

"Pengine."

"Nikikataliwa leo, huenda sina Jumamosi nyingine ya macho. Unanielewa? Hicho kidole chako kingemaliza yote."

"Nakuelewa, baba. Ndiyo maana nimekiondoa kabla sijabadili mawazo."

Ngoma zilipiga mzunguko mzima. Kisha mzee akasema kwa sauti ndogo, "Nenda."

Nyemo alingoja wapigaji wapumzike. Damari alikuwa amekaa juu ya jiwe, anakunywa maji, ngoma iko miguuni. Aliona taa begani, lakini alitabasamu tu, kama mwenyeji.

"Mbukwenyi," Damari alimsalimu kwa Kigogo. "Umemleta nani leo?"

"Mbukwenyi, dada. Naitwa Nyemo. Ameniruhusu nimtaje." Nyemo alijikaza. "Nimembeba Mzee Ezekia Chibago."

Chupa ya maji ilibaki hewani. Damari alitazama taa, kisha akatazama macho ya Nyemo, moja kwa moja, kama mtu anayechungulia kisimani.

"Ananiona?"

"Hapana. Pazia lako linafanya kazi. Anaona ukungu, hasikii sauti yako. Ananisikia mimi tu."

"Amekuja hapa mara ngapi?"

"Hii ya pili. Wiki iliyopita alisikia ngoma kutoka kwenye reli. Alipoona ukungu, akajua."

"Kwa hiyo pazia ndilo lililomwonyesha." Damari alicheka kidogo, bila furaha. "Anataka nini?"

"Anataka kuona uso wako. Ana uvimbe kichwani. Muda si mrefu picha zitaacha kumfikia. Sikuambii hivyo ili nikulazimishe. Ukisema niondoke, naondoka, na sitamleta tena."

Damari alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Nyemo kwa kichwa kizima.

"Alikueleza kuhusu nyumba ya bibi?"

"Alinieleza. Mstari ulipita pale."

"Alikueleza kuhusu kona?"

"Kona gani?"

Damari alielekeza kidole juu ya miamba, reli ilipong'aa kwenye jua. "Ramani ya kwanza ilikuwa imenyooka. Nyumba ya bibi ilikuwa salama, mita mia mbili kutoka kwenye njia. Kulikuwa na tajiri mwenye ghala la mvinyo mbele, palepale kwenye mstari. Ghala halikuguswa. Mstari ukapinda, na ulipopinda ukampata bibi na majirani zake kumi na mmoja. Niliikuta ramani ya kwanza kwenye kabati la baba, imekunjwa chini ya mashati. Nilimuuliza. Akaniambia sijui kusoma ramani."

Nyemo alihisi uso ukipata moto. Alikuwa amekuja kumwombea mtu aliyemficha jambo. Aligeukia mwamba, akasema taratibu, "Mzee, anasema mstari ulipindishwa. Anasema ramani ya kwanza ilikuwa imenyooka."

Alikaza kilemba juu ya utepe. Alifikiri kofia imekata.

"Mzee Chibago."

"Nipo."

"Ni kweli?"

Kwa mbali mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti. Moja, mbili. Moja, mbili.

"Ni kweli," mzee alisema. Sauti ilikuwa imepoteza uzito wake wote. "Mwambie niliupinda mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Yule bwana wa ghala aliniita kwake tukala, akaniita ndugu yangu, nikaona nimekuwa mtu mkubwa. Nilijua nyumba ya mama mkwe ipo pale. Nilifikiri maghorofa yatampendeza. Mwambie hivyo hivyo, usipambe."

Nyemo alimwambia hivyo hivyo. Hakupamba.

Damari alisikiliza hadi mwisho. Alikaa tena juu ya jiwe, akaweka viwiko magotini, akatazama nyasi. Wenzake walikuwa wameanza kumwita, na akawaonyesha kiganja: ngojeni.

"Miaka tisa," alisema. "Neno hilo tu. Ningelisikia siku ileile, ningekasirika, tungegombana, yangeisha. Akaona bora niwe mjinga."

"Nimfikishie hilo?"

"Mfikishie."

Nyemo alifikisha. Mzee hakujitetea.

"Pazia siliondoi," Damari alisema. "Mwambie hivyo pia. Uso wangu siuweki mahali anapoufikia kwa sababu tu anaumwa." Kisha akauliza, kana kwamba anauliza habari ya mashine, "Hili pazia linazuia macho na masikio. Ngozi je?"

"Ngozi ni yangu," Nyemo alisema. "Ukinigusa, anahisi."

Damari alijifuta kiganja kwenye kitenge. Akanyoosha mkono.

Nyemo aliupokea. Ulikuwa mkono wa moto, mpana, wenye nguvu, na haukutikiswa kama salamu ya njiani. Ulishika tu. Ndani ya sikio lake alisikia pumzi ya mzee, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi.

"Ana sugu," mzee alisema mwishowe. "Kiganja chote kina sugu. Alipoondoka nyumbani alikuwa na mkono wa karani."

Nyemo hakujua kama ana ruhusa ya kulisema hilo, lakini alilisema. Damari alibana midomo. Aliuachia mkono polepole, akainua ngoma yake.

"Leo ni huo tu," alisema. "Asije hapa tena bila kuniuliza. Aniulize kwanza, kama watu wengine."

Alirudi katikati ya wenzake. Ngoma zilianza, na Nyemo alisikia saba, na mzee akasikia sita.

"Tuondoke," mzee alisema. "Hakuniruhusu kukaa."

*

Jumapili mzee alimwomba Nyemo amwandikie Damari ujumbe kupitia ofisi ya kata. Ulikuwa mfupi: Naomba kuja Jumamosi. Kama hapana, ni hapana. Jibu lilikuja Alhamisi: Hapana. Siku mbili baadaye picha zikaondoka. Nyemo alikuwa amempeleka kula samaki wa kukaanga, na katikati ya mlo mzee akasema, bila kelele, "Samaki amezimika."

Nyemo alimaliza samaki yule kwa sababu ladha bado ilikuwa inafika. Alipofika nyumbani alivua utepe, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakitazama kidole chake. Sekunde tisini. Zilikuwa mikononi mwake, na hakuzitoa, na sasa hakuna fundi aliyeweza kuzirudisha. Alilia kidogo kwa ajili ya mzee. Lakini alijipima vizuri, jinsi alivyokuwa akipima tepe zamani, upande huu na upande ule, na hakuona mahali ambapo angefanya tofauti. Akanawa uso.

Mzee aliomba tena. Safari hii jibu lilikuwa refu kidogo: Bado.

Aliomba mara ya tatu, na Ijumaa jioni simu ya Nyemo ililia. Ilikuwa taarifa kutoka ofisi ya kata, ya mstari mmoja: pazia lililoandikishwa dhidi ya mgeni wako limefutwa na mwandikishaji. Chini yake kulikuwa na maneno ya Damari mwenyewe. Saa kumi. Asichelewe.

Walifika saa tisa na nusu. Nyemo aliketi kwenye nyasi mbele kabisa. Mzee Chibago hakuona miamba, wala watu, wala reli iliyopinda juu yao. Aliona giza tupu. Aliuliza jua liko upande gani, Nyemo akamwambia, naye akaomba ageuke ili limpige usoni.

Damari alitoka kati ya wenzake akaja kusimama mbele ya Nyemo. Alikuwa amevaa vizuri, amesuka nywele upya, hereni masikioni. Alikuwa amejiandaa kuonwa. Nyemo alimtazama kwa muda mrefu, kisha ikabidi aseme.

"Dada, picha zilikwisha wiki mbili zilizopita. Sauti bado ipo."

Damari aligusa hereni moja. Alisimama hivyo mpaka mpigaji mmoja akakohoa nyuma yake. Kisha akachutama, uso wake karibu kabisa na wa Nyemo, akavuta pumzi.

"Baba," alisema. "Shikamoo."

Jibu lilichukua muda, na Nyemo hakumharakisha. Lilipokuja, alilitamka kwa sauti ya juu, ili Damari na bustani nzima wasikie.

"Marahaba, mwanangu. Anza kupiga. Nimekuja kusikiliza ngoma ya saba."